Zamu ya Karani

Barua ya kamati ya zahanati ilifika Ijumaa asubuhi, na Seremala hakuifungua. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua samaki wa jana, kisha akaita kuelekea uani.

"Mama Karani. Njoo unisomee."

Zamani asingemwita mkewe. Angemwita Karani mwenyewe, binti yao wa pekee, aliyekuwa akiusomea nusu ya mtaa barua zake na kuuandikia majibu, hata jina lake la ubatizo likasahaulika akabaki na hilo. Herufi na Seremala hawakuwahi kupatana, na mtoto alipojua kusoma, baba alishukuru akaacha kujaribu. Lakini Karani alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita, amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka kumi na miwili. Sanduku lake alilitengeneza baba yake kwa mikono yake, na tangu siku hiyo hajapiga randa ubao mwingine. Wateja wanakuja, wanamkuta amekaa juu ya gogo mlangoni mwa karakana, wanamwamkia na kuondoka bila kuulizia vitanda vyao.

Mkewe alijifuta mikono kwenye sketi, akaisoma barua kwa sauti. Kamati itakaa Jumatatu saa tatu asubuhi, kusikiliza malalamiko kwamba mtunza foleni alimpitisha mgonjwa mwingine mbele ya marehemu kinyume cha utaratibu. Wazazi wanaombwa wafike kuthibitisha. Ikithibitika, mtunza foleni ataachishwa kazi, na atatoka katika chumba alichopewa nyuma ya zahanati.

"Rudia hapo mwisho," Seremala akasema.

Akarudia.

"Vizuri. Jumatatu tunamng'oa."

"Atakwenda wapi, Baba Karani? Mzee yule hana mke, hana mtoto."

"Na mimi ninaye?"

Mwanamke akaikunja barua kufuata mikunjo yake ya mwanzo. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni mwa sketi, na humo mfukoni vidole vilikuwa vimekishika kitu ambacho kama mumewe angekiona, barua ile isingekuwa na kazi tena.

Sasa ngoja niseme habari ya vibao, maana bila vibao hakuna kesi. Miaka miwili nyuma, watu walikuwa wakikanyagana pale mlangoni kwa tabibu, mwenye nguvu ndiye mgonjwa wa kwanza. Seremala alichukia, akachonga vibao arobaini vya mbao, kila kimoja upana wa kiganja, bure, bila kuombwa na mtu. Karani alichora namba kwa penseli, baba akazifuata kwa msumari wa moto hadi zikaungua ndani ya mbao. Sharti pia lilikuwa lake. Aliwaambia wanakamati: namba ni ya aliyeishika. Mtunza foleni hana ruhusa ya kumpitisha mtu, hata awe mjomba wake. Mwenye zamu akitaka kumpisha mwenzake, wabadilishane vibao kwa hiari yao, basi. Kamati ilipiga makofi. Kazi ya kugawa vibao akapewa mzee mmoja mpole aliyekuwa akifagia uwanja, na tangu hapo watu wakamwita Mzee wa Namba.

Siku ya msiba, Mama Karani na binti yake walikuwa na namba nane. Mtoto alikuwa na homa tangu alfajiri lakini alikwenda kwa miguu yake, na pale kwenye benchi alikuwa bado na nguvu ya kukosoa tangazo la ukutani lililoandikwa "Nawa mkono" wakati mikono ni miwili. Saba alikuwa ndani. Ndipo mkokoteni ukaingia getini, na juu yake mwanamke muuza mboga amelala kifudifudi, damu inadondoka kupitia nafasi za mbao hadi chini. Mzee wa Namba alimtilia kibao cha kumi na tisa mkononi, kwa sababu sharti ni sharti, kisha akaja mbele ya benchi, kofia mkononi, akauliza, "Jamani, nani atampisha?" Benchi zima lilitazama chini, kila mtu miguu yake. Aliyefuata alikuwa namba nane.

Mama alimgusa mwanawe paji la uso. Lilikuwa la moto, lakini macho yalikuwa makavu na yanaona. Akainuka, akaweka kibao cha nane kwenye kiganja cha mzee na kupokea cha kumi na tisa. Tabibu ni mmoja pale, na yule wa mkokoteni alimchukua saa nzima na zaidi. Karani alianza kutetemeka baada ya nusu saa. Mlango ulipofunguliwa, alikuwa amemlalia mama yake mapajani, na hakuwa anatetemeka tena.

Seremala alifika mbio, jasho shingoni, akauliza swali moja tu. "Mlikuwa namba ngapi?" Mkewe akasema, "Nane." Hakusema zaidi. Siku ile hakuwa na maneno. Siku ya pili neno lilikuwa limechelewa. Siku ya tatu lilikuwa limekwisha geuka uongo, na uongo ukishalala ndani ya nyumba siku tatu unaanza kudai kitanda.

Mzee wa Namba angeweza kusema. Makaburini, mbele ya watu wote, Seremala alimkamata shati kifuani mpaka vifungo viwili vikaruka. Mzee alimtazama mama wa mtoto kwa juu ya bega la mumewe. Akamwona midomo ilivyokauka. Akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, fundi. Nilikosea." Aliokota vifungo vyake mwenyewe, kimoja baada ya kingine, watu wanamwangalia.

Kibao cha kumi na tisa hakikurudi zahanati. Mama Karani akibadilisha sketi, kinahama naye. Asubuhi mzee anapogawa namba, anatoka kumi na nane na kuruka hadi ishirini, watu wananung'unika wakiuliza kumi na tisa kimeliwa na nani, na yeye anasema kimepotea.

Jumamosi, jua likiwa kali, muuza mboga alikuja. Alikuja kwa miguu, polepole, akiwa ameshika ukuta wa nyumba za watu kama mtoto anayejifunza kutembea. Mkononi alikuwa na fungu la mchicha limefungwa kwa gazeti. Alisimama nje ya karakana, akasubiri aulizwe.

"Unataka nini?" Seremala akamwuliza.

"Nimekuja kuwapa pole, baba. Ndiyo kwanza nimeweza kusimama."

"Umesimama. Tumeona."

Mama Karani alitoka ndani aliposikia sauti ya mwanamke, akakwama kizingitini. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa akiuona uso wake. Siku ile alikuwa ameona mgongo na nyayo tu. Alikuwa mtu mdogo kuliko alivyodhani, mashavu yameingia ndani.

"Sikujua kitu, baba," muuza mboga akasema. "Nililetwa sijitambui. Nilipozinduka ndio nikaambiwa kuna mtoto alikuwa mbele yangu. Na mimi mimba yangu ilitoka, ya miezi sita. Sisemi ili unihurumie. Nasema tu." Akamgeukia Mama Karani, akamnyooshea fungu la mchicha. "Mama, nimeambiwa pia kuna mtu alinipisha. Ningemjua, ningekwenda nikampigie magoti."

Mama Karani alifungua mdomo. Nakuapia, alifungua, na pumzi ilikuwa imeshapanda.

"Hakuna aliyekupisha," Seremala akadakia. "Nani mwenye akili atampisha mtu akiwa na mtoto mgonjwa? Ulipitishwa. Na aliyekupitisha Jumatatu atafungasha." Akachukua mchicha kutoka mkono wa mwanamke, taratibu, bila ukali wowote, akauweka chini nje ya mstari wa karakana yake, kwenye mchanga. "Nenda kauze. Usipoteze mtaji."

Muuza mboga aliinama kuuokota. Kuinama kulimchukua muda, na kuinuka kulimchukua muda mrefu zaidi, na wale wawili walisimama wakimtazama mpaka alipomaliza. Kisha akasema asante, sijui asante ya nini, akaushika ukuta akaondoka.

Mama Karani alirudi jikoni, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alijichukia waziwazi, kama unavyomchukia jirani. Alijiambia atasema jioni. Jioni mumewe alilala mapema akiwa ameugeukia ukuta, na yeye akashukuru.

Jumapili alasiri ilikuwa zamu ya nyumba yao kupokea wasomaji wa Neno. Walikuwa kikundi cha watu sita: Shemasi, Mama Dobi afuaye nguo za mtaa, Mzee wa Namba, na Seremala na mkewe na binti yao. Na walikuwa na namna yao ya kusoma. Shemasi alikuwa ameianzisha baada ya kuchoka na watu kupigana mafumbo kwa mistari, huyu akisoma juu ya ulevi huku anamkonyeza yule. Akapiga marufuku kuhubiriana. Kila wiki majina ya watu waliomo katika habari yanaandikwa kwenye vikaratasi, yanatiwa katika bahasha, kila mmoja anavuta. Unayemvuta, unakuwa yeye. Unasema kwa kinywa chake, ukiwa ndani yake. Ukianza kumsema kwa nje, unanyamazishwa.

Vikaratasi aliviandika Karani, nani mwingine. Alikuwa ameandaa bahasha za miezi mitatu mbele, kila bahasha na tarehe yake, mwandiko umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Siku hiyo Shemasi aliitoa ya tarehe ile, akachungulia ndani, akairudisha mfukoni haraka.

"Leo tusome zaburi," akasema.

"Kuna nini humo?" Seremala akauliza.

"Fundi, tusome zaburi."

"Shemasi, mwanangu aliandika. Toa."

Ilikuwa habari ya mkuu wa sinagogi, aliyekwenda kumwomba Bwana aje kumponya binti yake aliye kufani, na wakiwa njiani mwanamke mwenye kutokwa damu akapenya katika umati akagusa vazi, na Bwana akasimama kumsikiliza, na wakati amesimama, binti akafa. Shemasi aliisoma mara mbili kama ilivyo desturi yao. Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Mzee wa Namba hakuwapo. Hakuwa amekanyaga kikundini tangu makaburini.

Wakavuta. Wanne walikuwapo, vikaratasi sita, vikabaki viwili mezani. Shemasi alipata mwanafunzi. Mama Dobi alipata umati. Seremala alimpa mkewe chake amsomee, kama alivyokuwa akimpa binti yake, na mkewe akasoma, "Mwanamke." Seremala akacheka kidogo, kicheko cha puani.

Chake yeye Mama Karani alikisoma kimoyomoyo, kisha akakifunika kwa kiganja. Kiliandikwa: Mkuu wa sinagogi.

Mama Dobi ndiye aliyeanza, na kwa kawaida yeye akianza mnapika chai mnaimaliza bado hajafika katikati. Lakini siku ile alisema kwa kusitasita.

"Mimi ni umati. Nimekanyagwa, nimesukumwa, halafu naulizwa nani amegusa. Watu mia wamegusa." Akavuta pindo la gauni lake. "Mimi ni umati na sikumwona yule mwanamke akipita. Sikumwona kwa sababu nilikuwa natazama miguu yangu. Siku ile nilikuwa na namba kumi na moja. Niliogopa nikiinua macho nitaombwa mimi." Sasa alikuwa ametoka Injilini kabisa na Shemasi hakumnyamazisha. "Nilipoinua macho, mkokoteni ulikuwa mlangoni na mzee anausukuma. Mengine yote niliyosimulia mtaani, kwamba alimpitisha kwa nguvu, kwamba alipewa kitu, nilijazia mwenyewe. Mdomo wangu mnaujua."

Seremala akamgeukia. "Unasema hukuona?"

"Sikuona, fundi."

"Lakini alipita."

"Alipita."

"Basi ni yaleyale." Akajikohoza. "Zamu yangu. Mimi ni mwanamke. Naumwa miaka kumi na miwili. Nimesikia kuna mganga anakwenda kwenye nyumba ya mtu, mtu ana mtoto mahututi, na mimi bila haya nakuja kwa nyuma, naiba."

"Ndani yake, fundi," Shemasi akasema kwa upole. "Uko nje."

"Niko wapi?"

"Unamhukumu. Ingia ndani."

Seremala akafuta uso kwa viganja vyote viwili. Mikono yake, iliyozoea kushika kitu, ilitafuta cha kushika mezani, ikakosa. Alianza tena, na kila neno alilitoa kama msumari uliopinda.

"Naogopa. Wakinijua nilivyo, watanifukuza. Natembea nimeshika ukuta. Mwili wote unauma. Kuinama siwezi." Akakwama. Alipoendelea, sauti ilikuwa imeshuka. "Nimeleta mchicha. Umewekwa chini, mchangani, na mimi nimeinama."

Mama Dobi, ambaye hakuwapo Jumamosi, hakuelewa, lakini alijua kunyamaza safari hii.

"Lile la jana nilikosa," Seremala akasema kwa sauti yake. "Nitakwenda nimwambie. Lakini mzee wa vibao ni jambo jingine. Yeye alijua sharti. Nilimfundisha mimi. Kesho nakwenda."

Shemasi akamgeukia mwanamke. "Mama Karani. Wewe una nani?"

Akakigeuza kikaratasi wakaona. Mama Dobi akasema, "Ee Mungu," polepole, na Shemasi akasema kwamba kama ni kizito akiache, hakuna atakayemlaumu.

"Mimi ni mkuu wa sinagogi," Mama Karani akasema. "Nimetangulia kuomba. Zamu ni yangu. Tuko njiani, na Bwana amesimama kwa ajili ya mtu mwingine, anamwuliza habari zake tangu mwanzo, na yule anasimulia miaka yote. Na mimi nimesimama hapo." Alikuwa anatazama mbao za meza. "Nimeisoma habari hii wiki tatu, kila siku, nikitafuta mkuu alisema nini. Hakuandikiwa neno. Hata moja. Angeweza kusema, Bwana, twende, mtoto anakufa. Angeweza kumvuta mkono. Alinyamaza. Kwa nini alinyamaza? Nilifikiri labda aliogopa watu. Sasa naona alimtazama yule mwanamke, akaona damu, akamkumbuka mtoto alivyokuwa akiongea alipomwacha, akapima. Akafikiri, wangu bado ana muda. Akampisha. Yeye ndiye aliyempisha."

"Mama Karani," Shemasi akasema.

"Sijamaliza. Nimeshatoka ndani yake sasa, Shemasi, ninyamazishe ukitaka." Akatia mkono mfukoni, akatoa kibao, akakiweka mezani mbele ya mumewe.

Seremala hakuhitaji kusomewa. Alikijua kwa mbao, alikijua kwa ukingo alioupiga msasa mwenyewe, na ile mikia miwili ya namba aliijua kwa mkono ulioichora. Alikigusa kwa kidole kimoja.

"Hiki kimefikaje kwako?"

"Nilibadilishana. Mzee aliuliza nani atampisha, watu wakatazama chini, na aliyefuata nilikuwa mimi. Nikampa chetu. Hakunilazimisha. Sharti lako halikuvunjwa, Baba Karani. Nililifuata vilevile ulivyolisema."

Mumewe hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Wiki tatu," alisema. "Nimemkamata mzee wa watu shati mbele ya kaburi la mwanangu, wewe umesimama pale."

"Nilisimama pale."

"Jana, yule mama akauliza aliyempisha, nikajibu mimi."

"Nilikuacha ujibu."

Vikaratasi viwili vilikuwa bado mezani, havijafunguliwa. Seremala alikichukua kimoja, sijui kwa nini, labda mikono ilitaka kitu. Alikikunjua, akakikazia macho. Neno lilikuwa fupi, la herufi tano, mwandiko ulionyooka. Alikaa nalo muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na neno lolote, midomo ikitembea, na safari hii hakumpa mtu amsomee.

"Binti," akasoma.



"Yeye anasema nini?" akauliza. "Humo kwenye habari. Shemasi, binti anasema nini?"

"Hasemi kitu, fundi. Anaamshwa, anatembea, Bwana anaagiza apewe chakula. Yeye mwenyewe hasemi."

"Wangu alisema nini?" Sasa alikuwa anamtazama mkewe. "Ulipompa mzee kibao. Alikuwa na macho, alikuwa na mdomo. Alisema nini?"

Mama Karani alikuwa amejua tangu siku ile kwamba swali hili lipo mahali fulani linamngoja. Angeweza kudanganya. Ilikuwa rahisi kusema mtoto alikubali, mtoto alikuwa na moyo mwema, na watu wote pale wangelia na kufarijika.

"Alisema, 'Mama, hii ni zamu yetu.' Nikamwambia avumilie kidogo."

Seremala akainuka. Alikikunja kikaratasi, akakitia mfuko wa shati, akatoka nje kwenda karakana, na mlango wa karakana ukafungwa kutoka ndani. Shemasi alitaka kufunga kwa sala, akashindwa pa kuanzia. Waliondoka mmoja mmoja. Mama Dobi alibaki kuosha vikombe, akaviosha vyote hata ambavyo havikutumika.

Jumatatu walikwenda zahanati, mume mbele, mke nyuma, hatua ishirini katikati yao. Kamati ilikuwa watu watano na feni mbovu. Mzee wa Namba alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, shati lilelile, vifungo viwili vimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Chini ya kiti palikuwa na mfuko wa nguo zake. Alikuwa amekwisha fungasha, asisumbue mtu.

Mama Karani alisema akiwa amesimama. Alisema yote, kuanzia benchi hadi kibao, na kibao akakikabidhi. Mwenyekiti alikigeuza, akamwonyesha wa kulia na wa kushoto, wakanong'onezana. Kisha akamwambia mwandishi aandike: kamati imeridhika kwamba utaratibu ulifuatwa.

"Soma tena," Seremala akasema kutoka nyuma.

Mwandishi akasoma tena. Utaratibu ulifuatwa. Seremala akatikisa kichwa polepole, mtunga sharti, kama fundi aliyekalia kiti chake mwenyewe kikavunjika.

Mzee wa Namba alimfuata mama nje. "Ungeniacha, mwanangu," alisema. "Mimi nimebakiza kidogo. Wewe bado unaishi naye."

"Ulikuwa unaondoka na mzigo wangu, mzee."

"Mzigo wenyewe haukuwa na uzito."

Alidanganya, na walijua wote wawili. Seremala akaja, akasimama mbele ya mzee. Nadhani alitaka kuomba msamaha. Kilichomtoka ni hiki: "Naomba namba nane." Mzee akatafuta ndani ya sanduku, akampa, bila kuuliza, na Seremala akakitia mfuko mmoja na kile kikaratasi.

Njiani kurudi alipunguza mwendo mpaka mkewe akamfikia. Alisema huku anatazama mbele. "Nilikwenda kwa yule mama asubuhi. Nimemwambia ni nani aliyempisha. Atakuja." Wakatembea. "Wewe kukusamehe sijui. Nimejaribu tangu jana. Nikijua nitakwambia."

"Sawa," mkewe akasema.

Siku tatu alilala karakana. Chakula mkewe alikiweka mlangoni, na sahani ilirudi tupu au ilirudi ilivyo. Muuza mboga alikuja siku moja, wanawake wawili wakakaa jikoni wakichambua mchicha jani kwa jani, hawakuongea sana. Yule alipiga magoti kama alivyosema, na Mama Karani akamwinua kwa hasira, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kushukuriwa na hakukuwa na kitu cha kujutiwa pia, na kati ya hivyo viwili hakujua akae wapi.

Alhamisi asubuhi alisikia randa. Alidhani masikio yanamchezea. Alikwenda mpaka mlango wa karakana, akakuta uko wazi. Seremala alikuwa ameweka kipande cha mbao kwenye meza, upana wa kiganja, kimepigwa msasa. Kibao cha zamani cha nane kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya misumeno, na jiko la mkaa lilikuwa linawaka, msumari ndani yake.

"Foleni haiwezi kuruka saba kwenda tisa," alisema bila kugeuka. "Watu watagombana."

Mkewe akaingia.

"Penseli iko hapo. Mimi siwezi kuchora."

Aliichukua. Ilikuwa penseli ya Karani, ina alama za meno mwishoni. Alichora nane, duara la juu likatoka kubwa kuliko la chini, na namba nzima ikainama upande mmoja. Akashika ubao pande zote mbili, kama mtoto alivyokuwa akiushika, na mumewe akautoa msumari motoni akaanza kuufuata mstari, polepole, moshi unapanda machoni mwao wote wawili. Aliufuata palepale ulipopita, pamoja na makosa yake.

"Imepinda," mkewe akasema.

"Shika vizuri," Seremala akasema. "Itasomeka."